Sifa za Maji ya Chumvi

Wako wanaosifu maji ya bomba. Hao ni watu wanaopenda wageni. Maji ya bomba ni mgeni: kwao ni Mto Ruvu, huja anapojisikia, tena usiku wa manane, na mkiamka kumpokea keshaondoka. Mimi namsifu mwenyeji, maji ya chumvi ya kisimani, ambayo tangu nihamie huku Kijichi, Temeke, hayajaninyima hata ndoo moja.

Oktoba 2022 yule mgeni alitutia adabu. Mvua ziligoma, kina cha Ruvu kikashuka, uzalishaji ukaanguka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi milioni 300, na jiji likaingia kwenye mgao. Wapo waliolia. Sisi wa chumvi tulibeba madumu yetu tukaenda zetu.

Na safari yenyewe ni neema. Kutoka mlangoni hadi kisimani ni mchanga mtupu, ule unaotitia, unaonasa bajaji mpaka abiria washuke wasukume. Ukienda saa saba mchana unakuwa peke yako kabisa. Hata mbuzi wamejibanza kivulini. Malapa yanazama, nyayo zinaungua. Matajiri hulipa fedha za kigeni ngamia awapitishe mahali kama hapo kule Moroko, sisi tunapita bure. Mwisho wa jangwa kuna minazi, tangi jeusi juu ya mnara, na mama muuza maji kakalia ndoo aliyoipindua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Weka dumu, leo yanatoka."

Anayedhani oasisi lazima iwe na maji matamu, amsikilize Ibn Battuta. Msafiri huyo alipita mwambao wetu mwaka 1331 akafika Mombasa na Kilwa. Mwaka 1352 akavuka Sahara kwenda Mali. Njiani alikaa Taghaza, kijiji ambacho nyumba na msikiti vilijengwa kwa mapande ya chumvi, na maji nayo yalikuwa ya chumvi. Akalalamika! Sisi tunayapikia chai.

Tena maji haya yanalisha mtaa mzima. Sabuni haitoi povu hata uisugue ikaisha, kwa hiyo mwenye duka anastawi. Maharage yanashinda jikoni kutwa bila kukubali kulainika, muuza mkaa anastawi. Koki zinaliwa na kutu, fundi bomba naye anastawi, ingawa bomba lenyewe halina kitu.

Wala msihofu kwamba chumvi itatuishia. Tangu ukame wa 1997 visima vimechimbwa jijini kwa wingi, na karibu na pwani, kadiri unavyovuta maji ya chini ndivyo bahari inavyojipenyeza kuziba pengo. Ruvu ukiuvuta sana unakauka. Kisima chetu ukikivuta sana, Bahari ya Hindi nzima inakuja kukusaidia.

Novemba 2022 vilizinduliwa visima virefu vya Kigamboni, mradi wa lita milioni 70 kwa siku, na majirani wamekwishaanza kuongea habari za maji matamu kama watu waliochoka kupendwa. Waacheni. Siku bomba likikohoa upepo watarudi mchangani na madumu yao, na mama atawapokea bila kinyongo.

Nawe msomaji, ukija kututembelea, lete sukari. Chumvi ipo.