Sifa za Uvimbe Usio na Haraka

Uvimbe unaotokea saa au siku kadhaa baada ya mtu kuumwa na nyoka wake wa kufuga haujapata mtu wa kuusifu. Wenye nyoka huuona kuwa fedheha, madaktari huuandikia mistari miwili kwenye faili, na wauzaji wa nyoka hawautaji kabisa. Hata hivyo, kati ya yote yanayofuata baada ya jino la nyoka kupenya ngozi, huu ndio wenye adabu zaidi. Humwacha aliyeumwa anawe, acheke, apige picha mahali palipotobolewa na kuwahakikishia jamaa zake kwamba nyoka huyu hana sumu. Maneno hayo yakishasemwa mbele ya mashahidi wa kutosha, ndipo unapoanza kazi.

Swali la kama uvimbe huo upo kweli lina jibu fupi: upo. Kuumwa na nyoka wa kufuga, hata yule anayehesabiwa kuwa hana madhara, kunaweza kuleta wekundu, muwasho, malengelenge, kuvilia kwa damu au usaha baada ya tundu la jino kukauka. Vyanzo vyake vikuu ni vinne: mate ya nyoka, vijidudu, mzio, na kipande cha jino kilichobaki mwilini. Kwa kawaida kila chanzo hungoja zamu yake, nidhamu ambayo ni nadra kuonekana kwenye foleni za binadamu.

Zamu ya kwanza ni ya mate, na balozi wake mwaminifu ni Heterodon nasicus, nyoka mfupi mnene wa nyanda za nyasi za Amerika Kaskazini, kuanzia kusini mwa Kanada hadi kaskazini mwa Meksiko. Wafugaji wa Marekani na Ulaya humpenda kwa pua yake iliyobinuka, ambayo huitumia kuchimbua udongo, na kwa vituko vyake. Akitishwa hutanua shingo, hufoka, na hurusha kichwa mbele huku kinywa kimefumbwa. Asipoogopwa hujipindua chali, hutoa ulimi nje na kujifanya mfu. Akigeuzwa kifudifudi hujirudisha chali papo hapo, kana kwamba maiti ana haki ya kuchagua namna ya kulazwa. Ni vigumu kumshuku mnyama wa namna hiyo, na uvimbe hunufaika sana na heshima yake.

Nyoka huyu huuma kwa hasira mara chache sana. Mara nyingi huuma kwa kudhani amepata chakula. Mwenye nyoka ameshika panya aliyetolewa kwenye friza, hakunawa, kisha ameingiza mkono ndani ya tangi la kioo. Kidole gumba kinanuka panya, na nyoka hana sababu ya kutilia shaka pua yake. Hushika asiachie, kisha hutafuna, akisogeza taya la upande mmoja, halafu la upande wa pili, mpaka meno makubwa ya nyuma yafike kwenye nyama. Mwenye nyoka, kwa kuogopa kumuumiza kipenzi chake, humngoja aachie mwenyewe, na dakika kadhaa hupita kwa upole wa pande zote mbili. Nyoka akishatoka, huonekana matundu machache na damu kidogo. Baada ya muda kidole huanza kukaza. Jioni pete haitoki. Asubuhi kiganja kimejaa hadi kwenye kifundo, na kufikia siku ya pili malengelenge yenye maji huweza kuzunguka matundu, huku ngozi imegeuka zambarau na inawasha kuliko inavyouma. Kwa kawaida hali hupungua yenyewe katika siku chache, ingawa ugumu wa kidole na rangi iliyobadilika huweza kukaa kwa wiki kadhaa.

Kuchelewa huku si uzembe. Kifutu ana meno ya mbele yenye mfereji ndani, na tezi zake hukamuliwa na misuli, hivyo sumu huingia mwilini kama dawa ya sindano. Heterodon hana vifaa hivyo. Tezi yake ni ya aina iliyopewa jina la Georges Louis Duvernoy, mwanaanatomia Mfaransa wa karne ya 19. Haina ghala kubwa wala msukumo wa nguvu. Mate hutiririka taratibu kandokando ya meno ya nyuma hadi kwenye jeraha. Nyoka anayeachia mara moja huacha mikwaruzo tu. Anayetafuna kwa dakika kadhaa ndiye anayeacha kumbukumbu. Protini za mate hayo husumbua tishu na mishipa midogo ya damu, maji huvuja, mwili huita askari wake, na shughuli yote hiyo huchukua saa nyingi. Mate hayo yametengenezwa kwa ajili ya chura, ambaye ndiye chakula kinachopendwa na nyoka huyu porini. Binadamu hupata makombo ya karamu isiyokuwa yake.

Baada ya adabu, sifa ya pili ya uvimbe huu ni ukweli. Katika biashara ya wanyama wa kufuga, maneno “hana sumu” mara nyingi humaanisha kwamba nyoka wa aina hiyo hajajulikana kuua mtu. Uvimbe hausomi tangazo la muuzaji. Rhabdophis subminiatus, nyoka wa Asia mwenye shingo nyekundu, aliwahi kuuzwa kama kipenzi asiye na madhara. Baadhi ya waliotafunwa naye waligundua saa kadhaa baadaye kwamba damu yao haigandi. Hata Heterodon mpole ana mgonjwa katika maandishi ya kitabibu ambaye, pamoja na uvimbe, alipungukiwa na chembe za damu zinazosaidia kuganda.

Sifa hizi haziwahusu ndugu wengine wa meno ya nyuma ambao huchelewa bila kubisha hodi kwenye ngozi. Robert Mertens, mtaalamu mashuhuri wa nyoka na mijusi nchini Ujerumani, aliumwa mwaka 1975 na Thelotornis aliyekuwa akimfuga, akafariki baada ya siku 18. Mwaka 1957 mjini Chicago, Karl Patterson Schmidt, mtaalamu mwingine wa nyoka, aliumwa na boomslang mchanga aliyeletwa kwake atambuliwe. Jino lilipenya kidogo tu kwenye kidole gumba. Kesho yake asubuhi alipata kifungua kinywa, akajiona ana nafuu, na siku hiyohiyo alifariki kwa kuvuja damu ndani kwa ndani. Jamaa za nyoka hao wote wawili wanaishi Tanzania na Kenya pia. Kwao jeraha huweza kuonekana dogo wakati damu inaharibika, na dalili ni fizi kutoka damu, mkojo kugeuka mwekundu na jeraha kukataa kukauka. Ukilinganishwa nao, uvimbe wa Heterodon ni muungwana: umechelewa, lakini umekuja na kuonekana.

Zamu ya pili ni ya vijidudu, ambavyo kwa kawaida hujitokeza kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Kinywani mwa nyoka hukaa bakteria kama Pseudomonas na Morganella. Baadhi huletwa na panya mwenyewe, ambaye hujisaidia wakati anamezwa. Ni upinzani wake wa mwisho, na matokeo yake humfikia mtu asiyehusika. Zamu hii hutambulika kwa mwenendo wake. Uvimbe wa mate hupanda mapema kisha hushuka, lakini ule wa vijidudu huchachamaa wakati wa kwanza ulipotakiwa kuaga. Wekundu hupanuka, ngozi huwa ya moto, maumivu huongezeka, usaha hutoka, na pengine mstari mwekundu hupanda mkononi pamoja na homa. Maambukizi haya hayatokei mara nyingi, na ndiyo sababu madaktari kwa kawaida hawampi antibiotiki kila aliyeumwa na nyoka asiye na sumu. Humwosha, humwangalia na kumwambia arudi akiona mabadiliko. Uvimbe huwapa nafasi ya kufanya kazi kwa utaratibu, jambo ambalo magonjwa mengi hayajali.

Zamu ya tatu ni ya mzio, na hapa uvimbe huonyesha kipaji cha upelelezi. Upo mzio wa haraka, unaoweza kuwapata wafugaji ambao miili yao imezoeshwa mate ya nyoka kwa kuumwa mara kwa mara; huo hubana pumzi na kushusha shinikizo la damu ndani ya dakika, na hauna nafasi katika sifa hizi. Mzio wa taratibu hufikia kilele baada ya saa 48 hadi 72, na mara nyingi mkosaji wake si nyoka hata kidogo. Marhamu yenye neomisini huwaletea baadhi ya watu vipele na muwasho. Gundi ya plasta nayo vilevile. Vipele vikitokea katika umbo la mraba wenye kona nne, sawasawa na kipimo cha plasta, nyoka anastahili kuachiwa huru, kwani hakuna nyoka mwenye kinywa cha mraba. Mshukiwa mwingine ni utitiri wa nyoka, Ophionyssus natricis, ambao hunyonya damu ya nyoka na wakati mwingine hujaribu ya binadamu. Huacha vipele vidogo vinavyowasha mikononi na kiunoni, na ushahidi wake huwa ndani ya bakuli la maji la nyoka: nukta nyeusi zilizozama.

Zamu ya nne ni ya jino, na hapa subira hufikia daraja la uchaji. Chatu mdogo Python regius, ambaye makazi yake ya porini yanaanzia Senegal hadi Uganda, ni miongoni mwa nyoka wanaofugwa zaidi duniani. Hamuumizi mtu kwa sumu. Ana meno mengi membamba yaliyopinda kuelekea nyuma, na mtu anayevuta mkono kwa mshtuko huweza kuondoka na moja au mawili ndani ya ngozi. Jeraha hufunga vizuri. Wiki kadhaa baadaye hutokea kifundo kigumu, hupasuka, hutoa usaha, hufunga na kuanza tena. Hakuna marhamu inayoshinda ubishi huo mpaka jino lenyewe litolewe, baada ya kutafutwa kwa eksirei au kipimo cha mawimbi ya sauti. Tundu hilohilo linaweza kupitisha vimelea vya pepopunda, ambavyo hukaa kimya kati ya siku 3 na 21. Ugonjwa huo hauhusiki na ngozi, lakini ndiyo sababu daktari huuliza habari za chanjo kabla ya kuuliza jina la nyoka.

Ukuu wa uvimbe huu huonekana vizuri ukiwekwa kando ya ndugu zake wasio na subira. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba sumu ya nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa wakulima na wafugaji wa mifugo, na mwaka 2017 liliiweka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Kifutu aliyekanyagwa shambani hasubiri mtu amalize kucheka, na anayeumwa na nyoka wa porini hapaswi kungoja ajionee dalili: ni hospitali moja kwa moja. Kuchelewa kwa uvimbe kumelijengea jina hata jiwe la nyoka, lile jeusi linalobandikwa kwenye jeraha katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki na Kongo. Likibandikwa kwa aliyeumwa na nyoka asiye na sumu, mgonjwa hupona, na jiwe husifiwa. Uvimbe ukitokea siku ya pili, jiwe limesharudishwa mfukoni na malipo yamepokelewa.

Mgeni mwenye adabu kiasi hiki anastahili mapokezi yanayomfaa. Jeraha huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Pete na saa huvuliwa mapema, kabla hazijawa mateka. Mkono huinuliwa, na ukingo wa uvimbe huchorwa kwa kalamu na kuandikwa saa, ili mwendo wake ujulikane bila kubahatisha. Kukata, kunyonya na kufunga kamba humkosea heshima mgeni na kumwongezea kazi daktari. Uvimbe ukivuka kiungo, malengelenge yakiongezeka, usaha au homa vikitokea, hospitali inahusika. Damu ikitoka kwenye fizi, ngozi ikigeuka nyeusi au pumzi ikibana, haingojwi hata saa moja. Jina la kisayansi la nyoka liandikwe kwenye karatasi na kupelekwa pamoja na mgonjwa. Nyoka mwenyewe abaki nyumbani. Mfugaji anayenawa mikono kabla ya kufungua tangi na kulisha kwa kibano kirefu huenda asionane na uvimbe huu maishani, na itabidi aridhike na kusoma sifa zake.