Kilichochomolewa ni Kile Cheupe

Mfumo wa kompyuta wa biashara hudaiwa mambo matatu: utunze siri, utunze ukweli, na uwepo unapohitajika. Kutunza siri ni kutomwonyesha mtu yasiyomhusu. Kutunza ukweli ni kuhakikisha shilingi 30,000 zilizoingizwa jioni hazigeuki 3,000 asubuhi. Kuwepo ni mgeni anayetaka kulipa na kuondoka kuweza kulipa na kuondoka, badala ya kuketi kwenye kiti cha plastiki akiambiwa "mtandao unarudi sasa hivi". Vitabu vingi vya fani hii huanza na mdukuzi aliyeko ng'ambo. Katika mwambao wa kaskazini ya Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo mjini, mdukuzi huyo yuko mwisho wa foleni. Mbele yake wamesimama umeme, chumvi, mjusi, kebo ya baharini, mpwa wa mwenye nyumba na mama wa usafi, na kila mmoja ana haraka zake.

Mfano unaofaa ni nyumba ya wageni ya vyumba kumi na viwili, hatua chache kutoka ufukweni. Jina lake halitatajwa, kwa kuwa ziko nyingi za namna hiyo na kila mwenye nayo atadhani amesemwa yeye. Mfumo wake ni kompyuta moja ya mezani iliyopandishwa cheo ikaitwa seva, rauta, mashine ya risiti ya EFD, printa inayofanya kazi ikipigwa kofi upande wa kushoto, na UPS inayolia. Seva imefunikwa kitambaa cha kudarizi, kama ilivyokuwa kwa redio na televisheni za zamani, na juu ya kitambaa imewekwa feni ili kuipoza kutokana na joto linalosababishwa na kitambaa.

Tatizo la kwanza la nyumba hiyo lilikuwa na ratiba. Kila Jumamosi, kama saa tatu asubuhi, mfumo ulizimika kwa dakika arobaini, kisha ukarudi wenyewe. Fundi aliitwa kutoka Bunju mara tatu. Safari ya kwanza alibadilisha memori, ya pili akapiga Windows upya, ya tatu akasema ni virusi vya muda maalumu. Safari ya nne aliamua kufika mapema na kuketi pembeni na chai yake. Saa tatu kasoro dakika tano aliingia mama wa usafi na pasi na bunda la mashuka, akainama, akachomoa, akachomeka.

"Shikamoo mama. Kumbe unachomoa hapa?"

"Marahaba mwanangu. Mimi nachomoa hiki cheupe tu. Kile cheusi sikigusi, najua ni cha ofisi."

Cheusi kilikuwa cha feni. Dawa iligharimu kipande cha utepe wa gundi na neno moja kwa kalamu nene, USICHOMOE, pamoja na soketi mpya ya pasi kwenye chumba cha mashuka. Kwa hesabu, dakika 40 kila Jumamosi ni saa 34 na ushei kwa mwaka, yaani mfumo ulikuwepo kwa asilimia 99.6 ya muda wote. Kampuni inayoahidi asilimia 99 imejiruhusu kulala zaidi ya siku tatu na nusu kila mwaka, kwa hiyo kimaandishi pasi ya mama ilikuwa ndani ya mkataba.

Umeme wenyewe una aina tatu za kukosekana, na ni kosa kuzichanganya. Aina ya kwanza ni ya taifa zima, kama ilivyotokea gridi ilipopata hitilafu tarehe 1 Aprili 2024, siku ambayo hata habari ya kweli huchelewa kuaminiwa. Aina ya pili ni ya mtaa, na chanzo chake mara nyingi ni tawi la mwembe. Aina ya tatu ni ya nyumba moja, nayo huitwa kuisha uniti. Kipimo chake hakihitaji chombo: huangaliwa taa za jirani. Zikiwa zinawaka, lawama kwa gridi zinasitishwa na mtu anatumwa kwa wakala akalete tarakimu 20 za LUKU, yaani tokeni ya umeme wa kulipia kabla. Nyumba iliyotajwa iliwahi kuwasha jenereta kwa saa tano kabla ya mtu kuchungulia dirishani.

Mita za LUKU zilitoa pia somo kwamba mifumo ina siku zake za kufa zilizoandikwa tangu inazaliwa. Tokeni zilibeba muda uliohesabiwa kwa dakika kuanzia mwaka 1993, na nafasi ya kuandikia dakika hizo, katika mita zote duniani zilizotumia hesabu hiyo, ilikuwa inaisha tarehe 24 Novemba 2024. Wateja wa TANESCO walitakiwa kuingiza kwanza mafungu mawili ya tarakimu 20, kisha tokeni yenyewe: jumla tarakimu 60, kwa kidole kimoja, mara nyingi kwa mwanga wa simu iliyobakiwa na chaji asilimia nne. Tarehe hiyo ilijulikana miaka mingi kabla. Hata hivyo, siku za mwisho ndizo zilizokuwa na watu wengi, kama ilivyo desturi.

UPS huwekwa ili kuziba pengo kati ya kukatika kwa umeme na kuwashwa kwa jenereta, na kuikinga seva na umeme unaorudi kwa pupa. Ndani yake mna betri, na betri ya aina hiyo hupoteza karibu nusu ya umri wake kila joto linapozidi nyuzi 25 kwa nyuzi 10. Chini ya kaunta Bagamoyo, mwezi Februari, nyuzi 25 ni kumbukumbu tu. Betri iliyotarajiwa miaka mitano hustaafu baada ya miwili, na hutoa taarifa kwa mlio. Katika nyumba ya mfano mlio huo ulizoeleka kiasi kwamba wageni walidhani ni ndege.

Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi ikikutana na unyevunyevu hula vichwa vya waya. Dalili yake ni ukungu wa kijani kwenye shaba, na mtandao unaopatikana mtu akiukunja waya kwa pembe fulani na kuuegemeza kwa kopo la maziwa. Mjusi kafiri naye hupenda UPS kwa sababu ya joto lake. Huingia kwa tundu la nyuma, mguu mmoja hapa na mmoja pale, na shoti ikapigwa. Mjusi hufa, UPS hufa, na ankara huandikwa "hitilafu ya kiufundi", kwa kuwa hakuna mhasibu anayekubali kulipia mjusi. Kinga ni rahisi: vyombo viinuliwe kutoka sakafuni, viwekwe mbali na dirisha la bahari, matundu yazibwe kwa wavu mwembamba unaopitisha hewa, na kitambaa cha kudarizi kirudishwe sebuleni.

Baada ya umeme na chumvi huja njia. Mfumo wenye njia moja ni mateka wa njia hiyo, na mwambao huu una ushahidi mkubwa. Kutoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, kebo ya umeme ilitandikwa chini ya bahari mwaka 1980 hadi Fumba, Unguja. Desemba 2009 umeme huo ulikatika, na Unguja ikaishi kwa jenereta, taa za chemli na subira hadi Machi 2010. Kebo mpya ya megawati 100 ilikuja mwaka 2013. Intaneti nayo hupita majini: tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika kusini mwa bara, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Wafanyabiashara waangalifu waliokuwa na laini za kampuni mbili waligundua kwamba laini mbili zinaweza kutegemea kebo zilezile, kama abiria wawili waliokata tiketi tofauti wakakutana ndani ya basi moja lililoharibika. Swali la kumuuliza muuza intaneti, basi, si bei ya bando peke yake. Ni data zake hupita wapi na, njia hiyo ikikatika, zitapita wapi.

Sehemu ya watu ndiyo ndefu kuliko zote, ingawa haina waya. Nywila ya mfumo wa nyumba ya mfano ilikuwa jina la nyumba na mwaka ilipofunguliwa, yaani maneno yaleyale yaliyoandikwa kwenye kibao cha nje kwa rangi ya bluu. Ilipobadilishwa kwa amri ya fundi, mpya iliandikwa kwenye kalenda ya ukutani ili isisahaulike, na kwa kuwa ilikuwa nzuri ikafanywa pia ya Waifai. Ndani ya wiki moja vijana wa bodaboda walihamishia kijiwe chao chini ya mwarobaini wa nyumba hiyo, na kivuli kikasifiwa kuliko kinavyostahili. Nywila ya tatu ilitumwa kwa siri katika kundi la WhatsApp la wafanyakazi, ambamo alikuwemo bado mpokezi aliyefukuzwa miezi miwili nyuma. Kikulacho ki nguoni mwako, na wakati mwingine ndiye msimamizi wa kundi.

Kanuni za nywila ni chache: iwe ndefu, kila mtu awe na yake, Waifai ya wageni itenganishwe na ya kazi, na anayeondoka kazini aondolewe kwenye mfumo kabla ya chai ya kumuaga, si baada yake.

Utapeli hauhitaji hata nywila. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" huchekwa nchi nzima, na bado hufanya kazi, kwa sababu ya hesabu. Ukitumwa kwa watu wengi wasiojuana, hakosekani mmoja ambaye saa hiyo hiyo ana "ile hela" mkononi. Mhasibu wa nyumba ya mfano alikuwa anajiandaa kumlipa muuza samaki shilingi 180,000 za nguru na changu. Ujumbe ukaingia, akashukuru kukumbushwa, akatuma. Nusu saa baadaye muuza samaki alifika mwenyewe, ananuka ushahidi, akadai hela yake. Dawa ni kupiga simu kwa namba inayojulikana tangu zamani, si kwa iliyokuja na ujumbe. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imeweka namba 15040 ya kupelekea namba za matapeli, na *106# ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu. Mhasibu alipoitumia hiyo ya pili alikuta laini tatu za jina lake, moja ikiwa ya mpwa wa mwenye nyumba.

Kuna siri nyingine isiyo ya kompyuta: daftari la wageni. Hukaa wazi juu ya kaunta, likionyesha jina, kabila, atokako mgeni, aendako, na chumba alicholala, na mtu yeyote anayesubiri chenji hulisoma kama gazeti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Umuhimu wake hueleweka haraka siku mke wa mgeni wa chumba namba saba anapofika kumuulizia.

Kusasisha programu ni wajibu wenye saa yake. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kiliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 duniani, ilhali kiraka cha kukizuia kilikuwa kimetolewa na Microsoft tangu Machi. Upande wa pili, tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja lenye kasoro la kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5: mlinzi aliangukia mlango aliokuwa anaulinda. Hekima ni kusasisha mapema, kwa kompyuta moja kwanza, na usiku. Asubuhi ya Jumapili, wageni wakiwa na mabegi mlangoni, si saa ya kuiruhusu mashine iandike kwamba imekamilisha asilimia 12 na isizimwe.

Mwisho wa yote ni nakala za akiba. Kanuni inayokubalika ni nakala tatu, katika vihifadhi vya aina mbili, moja ikiwa mbali na jengo. Nyumba ya mfano ilikuwa na nakala moja, kwenye flashi, ndani ya droo ya meza ya seva hiyo hiyo. Ilipohitajika haikuwemo. Mpwa alikuwa ameiazima kupelekea nyimbo harusini Kaole, na kwa kuwa ilijaa alifuta "mafaili fulani ya Excel". Ilirudi na singeli za kutosha kukesha siku tatu, virusi viwili, na mapato ya mwaka mzima yakiwa hayamo. Nakala isiyowahi kujaribiwa kurejeshwa ni tetesi. Kila mwezi ichaguliwe siku moja, faili moja lirejeshwe kutoka kwenye akiba, na lifunguliwe mbele ya mashahidi.

Hesabu za nyumba hiyo ziliokolewa na daftari la zamani la mapato ambalo mzee mwenye nyumba alikataa kuliacha, akisema usiache mbachao kwa msala upitao. Daftari hilo halijawahi kuomba nywila, halijasasishwa, wala halijakatika tangu lilipofunguliwa. Kurasa za Januari zimeliwa na mchwa. Nalo pia litolewe nakala.