Mwongozo kwa Asiyesikia la Mkuu

Hongera, ndugu yangu, kwa kukabidhiwa injini ya mvuke. Kuanzia leo una boila inayochemka, silinda, pistoni inayokwenda na kurudi kama mtu aliyesahau funguo nyumbani, na gurudumu zito lisilouliza nani amesimama karibu. Fundi mkuu amestaafu, na daftari lake la maelekezo limeliwa na mchwa. Usihuzunike. Mwongozo huu unakufundisha yote aliyokuwa akiyakataza.

Kanuni ya kwanza: kiamini kioo.

Ubavuni mwa boila kuna kioo chembamba kinachoonyesha maji yamefika wapi. Ukiyaona yametulia katikati, mshukuru Mungu, uvute kiti. Wenye wasiwasi hukipima kila zamu. Hufunga koki ya maji, wakafungua ile ya chini ya kutolea, wakasikiliza mvuke ukipuliza. Kisha hufunga ya mvuke, wakafungua ya maji, wakatazama maji yakifoka. Mwisho hufungua zote mbili na kufunga ya chini, na hapo maji hutakiwa kurudi mahali pake kwa kuruka. Yakipanda kwa kujikongoja, ujue njia imezibwa na magamba ya chokaa, na yale maji matulivu uliyokuwa ukiyashukuru huenda ni ya kwenye kioo tu; boila haina habari nayo. Lakini wewe una kiti.

Kanuni ya pili: maji yakitoweka, kimbilia pampu.

Juu ya tanuri kuna bati ambalo chini linalambwa na moto na juu limefunikwa na maji. Maji yakishuka, bati hubaki wazi, hupata moto mpaka likawa jekundu, likalegea. Mwenye akili akifika hapo huukata moto, huwaondoa watu, wala haongezi maji hata kikombe. Wewe ongeza, tena ya baridi.

Kitakachofuata ni hesabu ndogo. Maji ya boila yamepita nyuzi 100 za joto. Hubaki maji kwa sababu yamebanwa. Bati likipasuka, sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo, na lita moja ya maji ikiwa mvuke hudai nafasi ya lita zipatazo 1,600. Paa la kiwanda halijapata kushinda dai hilo. Wala usidhani haya yaliisha zama za mababu: Julai 2001, kwenye uwanja wa maonyesho wa Medina, Ohio, Marekani, trekta kuukuu la mvuke lililipuka na kuua watu 5. Maji yalikuwa yameshuka chini ya bati la tanuri.

Kanuni ya tatu: nyamazisha valvu ya usalama.

Valvu hii ni mbea. Presha ikizidi kidogo tu, hupiga kelele mtaa mzima usikie, tena wakati bosi anapita. Inapoteza mvuke ulioutolea jasho na kuni. Ining'inizie chuma kizito, itanyamaza. Ukishamaliza, tafuta kizibo cha risasi juu ya tanuri. Kimewekwa kiyeyuke maji yakipungua, mvuke umwagike motoni na wewe ushtuke. Kitoe, uweke bolti. Bolti haiyeyuki.

Boila ikivuja, usiisimamishe kazi. Bandika kiraka, mteja anasubiri. Ndivyo walivyofanya kwenye meli Sultana katika Mto Mississippi, Aprili 1865. Boila ilikuwa imevimba, na matengenezo kamili yangechukua siku kadhaa, abiria wachukuliwe na meli nyingine. Wakaweka kiraka cha bati jembamba kuliko la awali, wakapakia watu zaidi ya 2,000 kwenye meli iliyoruhusiwa kubeba 376. Usiku wa tarehe 27 boila zililipuka. Waliokufa walizidi 1,100. Abiria hawakupotea kwa mshindani.

Kanuni ya nne: asubuhi, fungua mvuke wote kwa mpigo.

Silinda iliyolala baridi hugeuza mvuke wa kwanza kuwa maji. Hewa hubanika, mvuke hubanika, maji hayabaniki. Pistoni ikija kwa kasi na kuyakuta, lazima kimoja kikubali kushindwa: kifuniko cha silinda au konrodi. Maji hayatakubali. Ndiyo maana madereva wa gari moshi, hata wa yale majitu 34 ya Garratt yaliyotoka Manchester mwaka 1955 na 1956 kuja kuvuta mizigo ya reli ya Afrika Mashariki, walianza safari koki za silinda zikiwa wazi. Lile wingu jeupe lililofunika magurudumu stesheni, watoto wakalipigia makofi, lilikuwa ni maji yanatolewa. Wewe huna watoto wa kukupigia makofi. Funga koki, fungua mvuke.

Kanuni ya tano: tengeneza ikiwa inazunguka.

Kuifunga valvu kuu, kuitia kufuli, kuweka funguo mfukoni, kumwaga presha mpaka geji isome sifuri na kuzuia gurudumu kwa gogo kunakula nusu saa. Mkono wako unatosha. Pistoni ikikwama mwisho wa njia yake, sukuma gurudumu kwa mguu, shati likiwa nje. Injini iliyokwama huwa na mvuke umejificha ndani, unasubiri msaada kama huo.

Ukifuata kanuni hizi zote, utakuwa umefika walipofika wa kiwanda cha viatu cha Grover, mjini Brockton, Massachusetts. Tarehe 20 Machi 1905, boila mpya ikiwa kwenye matengenezo, waliwasha ile kuukuu ya akiba. Ililipuka, ikapasua sakafu na paa, jengo likaanguka na kuungua. Walikufa watu 58. Mwaka 1907 jimbo hilo likatunga sheria ya boila, na kutoka hapo zikaja kanuni za wahandisi ambazo viwanda vingi duniani vinazifuata mpaka leo. Kila kipengele chenye kuchosha ndani yake kina kaburi nyuma yake.

Huenda kazini kwako hakuna pistoni tena, bali boila ya kiwanda cha chai, ya hoteli au ya jikoni la hospitali. Kioo ni kilekile, valvu ni ileile. Kesho ukiingia zamu, kabla ya kuvuta kiti, pima kioo cha maji. Haizidi dakika mbili.