Ripoti ya Mwisho Kabisa, Tumia Hii

Microsoft ilileta SharePoint mwaka 2001 ili nyaraka za ofisi zikae mahali pamoja. Google ikaleta Docs mwaka 2006, watu kadhaa wakaweza kuandika ukurasa mmoja kwa wakati mmoja, na matoleo ya zamani yakajihifadhi yenyewe. Slack, ya mazungumzo ya kazini, ikafuata, na mwaka 2021 kampuni ya Salesforce ikainunua kwa zaidi ya dola bilioni 27.

Ofisi zetu hazikubaki nyuma. Leseni zikalipiwa, semina ikafanyika Bagamoyo, posho zikasainiwa. Kisha ripoti ya robo mwaka ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp, lilelile la michango ya harusi, ikiitwa "Ripoti ya mwisho". Baada ya chai ikaja "Ripoti ya mwisho kabisa". Jioni ikatua "Ripoti ya mwisho kabisa, tumia hii". Bosi akaidhinisha ile ya asubuhi.

Siku waraka ukiwekwa kwenye mfumo, haufunguki: mwenye kutoa ruhusa yuko likizo Moshi na simu kaizima. Ukifunguka, unachapishwa, unapigwa muhuri, unaskaniwa, unarudishwa kwenye mfumo ukiwa picha iliyolala ubavu. Hapo ndipo tunapopongezana kwamba tumeachana na makaratasi.

Ndugu mkurugenzi, umesikia kuna mfumo mpya na tayari umeomba bajeti. Hongera. Ila kabla hujasaini, waulize watu wako faili la mwisho ni lipi. Ukipata majibu matatu, ujue tatizo haliuzwi kwa leseni.