Namna ya Kumpokea Vunjajungu

Kwanza, rudisha kandambili chini. Ni jioni ya Novemba, mvua imeshuka kutoka milima ya Matogoro, taa ya kibarazani imewaka, na kwenye pazia la sebule ametua mgeni wa kijani kama jani changa la muhindi. Mikono ameikunja kifuani kama mshenga anayesubiri kuulizwa kilichomleta. Huyo ni vunjajungu. Hana sumu, na hakukufuata wewe. Amewafuata nondo waliofuata taa.

Sasa ita nyumba nzima. Furaha ya namna hii haifai kuliwa na mtu mmoja. Kwetu hapa Songea ugali ulipoa mezani, na hakuna aliyejali. Mtoto wetu wa mwisho alisogea kushoto, kichwa cha mgeni kikamfuata. Akasogea kulia, kikamfuata tena. “Baba, ananiangalia!” Kweli alikuwa anamwangalia, maana vunjajungu huweza kugeuza kichwa hadi digrii 180. Ana macho makubwa mawili, na mengine matatu madogo katikati ya paji la uso. Usiku yale makubwa huwa meusi. Asubuhi yanarudi kuwa ya kijani. Mweke mtoto karibu ayaone mwenyewe.

Kabla hujamhamisha mgeni, hamisha vyungu. Wazee wanasema atakayemgusa, chombo cha kwanza atakachoshika kitavunjika, na jina lake limetoka hapo. Bibi alivibeba vyungu vyake hadi chumbani bila kumsubiri mtu. Alipotoka, mjukuu alikuwa ameshamgusa mgeni na kutangaza kwamba leo haoshi vyombo.

“Sawa, mume wangu,” Bibi akamjibu. “Utaosha sufuria. Hizo hazivunjiki.”

Chakula usimpe. Ugali hali, wala wali. Anataka kitu chenye uhai, na atakitafuta mwenyewe. Kaeni kimya mtazame. Wetu alijiyumbisha taratibu kama jani linalopepea, kisha ile mikono yenye miiba ikafyatuka, na nondo aliyekuwa anazunguka taa akawa ameshabanwa. Mabawa yalianguka kwenye kitambaa cha meza, moja, halafu la pili, vumbi lake likibaki juu ya maua yaliyodariziwa. Anapima umbali kwa yale macho makubwa mawili kwa pamoja, kama sisi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, waliwavalisha vunjajungu miwani midogo iliyobandikwa kwa nta ya nyuki, wakawaonyesha sinema ya wadudu; nao wakairukia picha wakidhani ni mlo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016. Wasimulie watoto habari hiyo, na ujiandae kuulizwa miwani hiyo inauzwa wapi.

Dawa ya kupulizia iache kabatini. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa mkoa wetu unaishi kwa mahindi, na tangu viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017 tumezoea kukimbilia bomba la dawa tukiona tu kitu chenye miguu sita. Dawa haichagui. Inamuua nondo, na inamuua anayemla nondo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu amekuja na jembe lake, na kazi ameianza usiku uleule.

Akishashiba, usimshike kiunoni. Weka kijiti mbele yake, apande kwa hiari yake, kisha umpeleke kwenye uzio wa michongoma. Ukikuta huko kitu kama povu lililokauka kwenye tawi, usilikate: ndani yake mna mayai ya vunjajungu, na vitoto vitatoka vikiwa na mikono imekunjwa tayari.

Asubuhi tulimkuta palepale kwenye mchongoma, macho ya kijani. Bibi akavirudisha vyungu jikoni, kimoja kimoja, peke yake, maana ndiye pekee ambaye hakumgusa.