Jinsi ya Kuzipambanisha Kamera Mbili Bila Kuzionea

Wababe wa megapikseli wana njia yao ya mkato: hufungua picha mbili kwenye kompyuta, huzikuza hadi asilimia 100, hutangaza bingwa, kisha huenda kukopa pesa za kamera mpya. Usiwafuate.

Chukua Sony A7 III, yenye pikseli 6000 kwa 4000, na A7R IV, yenye 9504 kwa 6336. Kwenye skrini ya pikseli 100 kwa inchi, asilimia 100 ya kwanza ni picha yenye upana wa mita moja na nusu. Ya pili inakaribia mita mbili na nusu. Huko ni kupambanisha saizi mbili tofauti, ndiyo maana kamera yenye pikseli nyingi hulaumiwa kwa chengachenga na mtikisiko ambao karatasini hauonekani kabisa.

Basi nenda kwenye karatasi: saizi moja, aina moja, printa moja. Kamera hizi zinavaa lenzi zilezile, kwa hiyo hakuna sababu ya kumpa mmoja lenzi ya bei ya pikipiki na mwenzake ile ya kwenye boksi. Weka stendi, mwanga usibadilike, tundu f/8, na ulenge jina la khanga iliyotundikwa ukutani. Piga RAW. Kwenye kunoa picha ndiko dhuluma hujificha: kipimo kimoja kwa faili zote mbili si haki, maana pikseli zao hazilingani zikishachapwa. Noa kila moja mpaka ipendeze kwenye saizi ile ya karatasi.

A4 kwa pikseli 300 kwa inchi inahitaji 2480 kwa 3508, yaani hata megapikseli 9 hazifiki. Hapo wote wamefaulu, na anayedai kuona tofauti aulizwe anaiona wapi. Kwenye A2 mambo hubadilika: kamera ya kwanza inabaki na pikseli kama 240 kwa inchi, ya pili 380. Jicho zima, kwa umbali wa sentimita 30, hutambua karibu 300. Anayesogeza pua ataona; aliyeketi kwenye kochi haoni.

Mwisho, majina ya kamera yaandikwe nyuma ya picha kwa penseli na mtu mwingine, naye azichanganye. Mwenye kamera asiwe hakimu, hata akiapa.

Na kama picha zako zote huishia A4, tafadhali, pesa hiyo nunulia lenzi.