Nane Hadi Moja: Cheche za Miyuji na Vipuri vya Kompyuta Kutoka Ng'ambo

Kiangazi kikishika Dodoma, kuanzia Mei hadi Novemba, kila nyumba ya Miyuji ina fataki zake za bure. Unavua sweta gizani, linatatarika. Unashika kitasa cha chuma, kinakung'ata. Unamsalimia jirani kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", mnapeana mikono, wote wawili mnaruka. Mnacheka, mnaendelea na safari. RAM haicheki.

Binadamu huanza kuihisi cheche ya umeme tuli inapokaribia volti 3,000. Zipo chipu zinazoumia kwa volti zisizofika 100. Kwa hiyo cheche nyingi zinazoua vipuri huzihisi hata kidogo, wala huzioni. Na hewa ndiyo inayoamua ukali wake. Mwongozo wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani wa mwaka 1980, ambao wahandisi wanaunukuu hadi leo, unasema kutembea juu ya zulia penye unyevu wa asilimia 65 hadi 90 huzalisha volti 1,500. Unyevu ukishuka hadi asilimia 10 au 20, hatua zilezile huzalisha volti 35,000. Zulia ni lilelile, miguu ni ileile, hewa tu imekauka.

Sasa weka hilo kwenye ramani. Muuzaji wa Dubai au Guangzhou anafungasha katika mji wa joto la unyevu. Mzigo unapita Dar es Salaam, ambako hata ukuta unatoka jasho. Kisha unapanda hadi kwetu, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako midomo inapasuka mwezi Julai. Umefungashwa kwa hewa yao, unafunguliwa kwa hewa yetu. Ndiyo maana orodha hii ya mambo manane ya kuzingatia imepangwa kwa ajili ya hewa yetu, kutoka jambo dogo hadi kubwa.

8. Povu jeupe la boksi la televisheni

Lile linalomeguka vipande na kung'ang'ania suruali. Linang'ang'ania kwa sababu lina chaji, na hiyo hiyo chaji unataka kuilaza kitanda kimoja na prosesa! Libaki nje ya mfuko, kama kinga ya kugongwa, au lisiwepo kabisa. Plastiki ya vipovu ya kawaida nayo hukumu yake ni hiyo.

7. Jaketi lako la nailoni

Baridi ya Juni tunaijua, hakuna anayekukataza kujifunika. Lakini unapofungua kifurushi, vua jaketi na sweta la mtumba la manyoya ya plastiki, uvae pamba. Fulana ya pamba inatosha. Dada anayefungua mzigo akiwa na kitenge cha pamba kiunoni amevaa vizuri kuliko meneja mwenye suti ya poliesta.

6. Betri

Tangu Aprili 2016, betri za lithiamu-ayoni zinazosafiri peke yake haziruhusiwi kuwa shehena ndani ya ndege za abiria. Anayekutumia laptopu kwa ndege aulize masharti mapema, mzigo usije ukarudishwa. Kuna jingine dogo ambalo wengi hulisahau: kile kibetri cha duara kwenye madabodi. Ukifunga bodi kwenye foili ya jikoni au sponji nyeusi inayopitisha umeme, kibetri kitaanza kumwaga umeme kupitia miguu ya bodi, njia nzima hadi Miyuji. Kitoe kwanza.

5. Bahari

Ajabu ya mambo haya ni kwamba unyevu ni rafiki wa chipu mpaka unapogeuka kuwa maji. Ndani ya kontena, usiku wa baridi baada ya mchana wa jua, mvuke hugeuka matone darini na kudondokea mizigo. Ongeza chumvi ya baharini, upate kutu kwenye miguu ya kipuri. Vifuko vya silika vinasaidia, na boksi lifungwe kwa nailoni kwa nje. Anayesafirisha kwa ndege naye asubiri kidogo: kifurushi kilichotoka kwenye baridi kikifunguliwa haraka Dar, kinavaa umande. Kiache kimefungwa mpaka kipate joto la chumba.

4. "Mbona iliwaka?"

Sentensi hii husikika katika kila karakana. RAM ilifika, ikapachikwa, kompyuta ikawaka, watu wakapongezana. Wiki kadhaa baadaye, skrini ya bluu. Fundi analaumiwa, TANESCO inalaumiwa, jini analaumiwa. Lakini ndani ya chipu kuna tabaka la kuhami lenye unene wa nanomita chache tu, na cheche ndogo inaweza kulitoboa nusu nusu: kipuri kinaendelea kufanya kazi huku kimejeruhiwa, kisha kinakata roho chini ya joto la kazi. Kuwaka siku ya kwanza si cheti cha afya. Napenda hili lifahamike sana, maana ndilo linalomfanya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anunue kipuri kilekile mara mbili kwa pesa ya chakula.

3. Mkaguzi mwenye mikono mikavu

Mizigo inakaguliwa, na ni haki ikaguliwe. Kazi yako ni kumrahisishia mkaguzi aone bila kushika. Bandika ankara nje ya boksi, na ndani weka karatasi yenye picha na jina la kila kipuri. Kuna alama mbili za pembetatu za kuzijua: yenye mkono uliokatwa na mstari inasema kipuri hiki kinaumia kwa umeme tuli, yenye mkono uliofunikwa na tao inasema kifungashio hiki kinalinda. Mingi ya mifuko ya rangi ya fedha pia inaonyesha ndani kidogo, kwa hiyo namba ya kipuri husomeka kutoka nje. Afisa asome, apige muhuri, mfuko ubaki umefungwa. Sote tunaenda kula.

2. Wewe

Ndiyo, wewe. Kipuri kimevuka bahari salama, kinakufa mezani kwako kati ya zulia na feni.

Anza na sakafu. Sakafu ya saruji iliyopigwa deki asubuhi hiyo inalishinda zulia la ofisi za Mji wa Serikali, Mtumba, tena zulia lenye kiyoyozi juu yake, maana kiyoyozi kinaikausha zaidi hewa iliyokwisha kukauka. Weka na beseni la maji chumbani, haligharimu kitu.

Kisha bangili ya mkononi yenye waya. Watu wa hapa huniuliza: ardhi yetu imekauka, ethi yenyewe haishiki vizuri, bangili itafaa nini? Itafaa. Ndani ya waya wake kuna kizuizi cha omu milioni 1, kilichowekwa kwa makusudi ili umeme wa ukutani usikupitie kwa nguvu. Mbele ya omu milioni, ukavu wa udongo wa Miyuji ni kitu kidogo. Na kama nyumba haina ethi kabisa, chomoa kompyuta ukutani, bana bangili kwenye chuma cha kasha kisichopakwa rangi, na mfuko wenye kipuri uguse kasha hilohilo kabla ya kuufungua. Kinachotakiwa ni wewe, kasha na kipuri muwe na volti ileile. Cheche huruka kati ya wasiolingana.

Usivute kipuri mfukoni kwa haraka. Kishike pembeni. Vidole mbali na miguu ya dhahabu, hata kama inang'aa hivyo.

1. Rangi ya mfuko

Hapa ndipo wengi tunapoibiwa bila mwizi. Mfuko wa pinki unapendeza, na muuzaji atakuapia kwamba ni wa kuzuia umeme tuli. Ni kweli, hauzalishi chaji nyingi. Lakini dawa iliyochanganywa kwenye plastiki yake hufanya kazi kwa kunasa unyevu wa hewani. Guangzhou inapata wa kunasa. Miyuji mwezi Septemba inanasa nini? Mfuko wa pinki Dodoma ni mwamvuli unaofunguka siku ya jua tu. Tena hata ukiwa na unyevu wa kutosha, hauzuii cheche inayotoka nje: mtu akigusa boksi, nguvu inapenya hadi kwenye kipuri.

Wa rangi ya fedha ni jamii nyingine. Kati ya matabaka yake kuna alumini nyembamba sana, na alumini hiyo hufanya kile ambacho Michael Faraday alikionyesha London mwaka 1836, alipoingia ndani ya chumba kilichofunikwa kwa chuma huku nje kukipigwa umeme mkali, na vipimo vyake vya ndani visitikisike. Chaji hukaa nje ya chuma. Mfuko huu hauhitaji unyevu ili kuzuia cheche, kwa hiyo Septemba yetu haiutishi.

Unahitaji kuwa mzima tu. Stepla moja imeutoboa. Mikunjo mingi imeipasua alumini. Mdomo ulioachwa wazi umeubatilisha. Na kuweka bodi juu ya mfuko kwa nje, kama tunavyoona kwenye video nyingi, hakuilindi bodi kwa lolote, maana kinga iko ndani.

Mfuko mzima usitupwe, utauhitaji siku ya kurudisha kipuri kwa waranti. Na kabla ndugu yako aliyeko Deira, Dubai, hajalipia, mtumie ujumbe huu jinsi ulivyo: "Shikamoo kaka. RAM naomba ije ndani ya mfuko wa rangi ya fedha, mdomo umekunjwa na kubandikwa stika, bila stepla. Pinki usichukue. Ankara nje ya boksi. Usimruhusu mtu aufungue kuonyesha, nitaufungua mwenyewe Miyuji."